Schwarzkopf wa miaka ya mwisho: uanze na CD ipi?

Kabla hujatoa pesa, geuza jalada usome mwaka wa kurekodi. Elisabeth Schwarzkopf, mwimbaji wa soprano wa Kijerumani, alizaliwa 1915 na akarekodi hadi 1979, kwa hiyo jina moja linauza sauti mbili: ile ya ujanani inayoteleza kama mafuta, na hii ya utu uzima, mng'aro umepungua lakini kila neno la Kijerumani limetafunwa kwanza ndipo likatolewa. Mimi nanunua hii ya pili.

Namba moja sina ubishi nayo: Vier letzte Lieder (Nyimbo Nne za Mwisho) za mtunzi Richard Strauss, Berlin 1965, George Szell akiongoza okestra. Nenda moja kwa moja kwenye Im Abendrot (Machweoni), mmojawapo wa hizo nne. Filimbi zinaiga ndege wawili, mwendo unazidi kulegea, kisha Schwarzkopf anauliza kama huku ndiko kufa. Halii, halalamiki, anauliza tu, kwa sauti ndogo, na okestra inabaki kujibu. CD nyingi zimeongezewa nyimbo za 1968, ikiwemo Morgen!, ambapo violini inatangulia hadi unasahau kuna mwimbaji. Ila angalia: hizo nyimbo nne alizirekodi 1953 pia, Otto Ackermann akiongoza okestra. Ni nzuri, ila siyo hii, na wauza mitumba huzichanganya.

Ya pili ni tamasha la kumuaga mpiga piano Gerald Moore, London, Februari 1967. Schwarzkopf yumo pamoja na Victoria de los Angeles na Dietrich Fischer-Dieskau. Mgeni wa nyimbo hizi aanzie hapa: kuna vichekesho, hata wimbo wa paka wawili, na mwishoni Moore anapiga An die Musik ya Schubert peke yake.

Ya tatu, ya kampuni ya Decca, 1977 hadi 1979, na Geoffrey Parsons kwenye piano. Sauti imechoka; noti za juu anazigusa na kuziacha. Lakini sikiliza Die wandelnde Glocke, kengele inayomfukuza mtoto mtoro wa kanisa: anaisimulia kama bibi na wajukuu jioni.

Frauenliebe und -leben (Mapenzi na Maisha ya Mwanamke), mfululizo wa nyimbo za Schumann, 1974, ningeiacha dukani. Anayesema mle ni binti aliyependa kwa mara ya kwanza, na mwimbaji anakaribia sitini.

Boksi la rekodi zake la kampuni ya Warner, CD 31, linaishia 1974, kwa hiyo ile ya Decca utainunua kando.