Bruchi ya "1850" Niliyouziwa, na Kombe la Kuzuia Mlango

Karibuni tena wapendwa. Leo nina hasira, halafu nina furaha, vyote kwa kitu kimoja. Ngoja kamera ikae sawa... haya, mnaiona? Bruchi ya kameo, yaani pambo la kubana kwenye nguo lenye picha iliyochongwa ikainuka juu. Mama wa Kizungu amegeuza uso pembeni, nywele kazibana nyuma, yeye mweupe, nyuma yake rangi ya chungwa. Vipimo nitaviandika chini ya video, tusipoteze muda.

Nilipoinunua nikapewa na karatasi. Nawasomea: "Bruchi halisi ya Malkia Victoria, 1850." Muuzaji simtaji, yeye anajijua. Kwanza, Victoria alitawala Uingereza kuanzia 1837 hadi 1901, zaidi ya miaka 60, kwa hiyo "ya Victoria" peke yake ni msitu mkubwa sana wa kujifichia. Lakini huyu bwana kataja mwaka kabisa! Sawa. Tuigeuze.

Watu wote wanakuonyesha uso. Mimi nataka mgongo. Sogea, sogea... hapo. Hii ni pini, hii bawaba yake, na huku mwisho ndiko pini inakojifungia. Bruchi nyingi za katikati ya karne ya 19 huku mwisho zina kindoana tu, kama herufi C. Unapitisha pini chini yake, basi, hakuna cha kuizuia. Na pini zenyewe ndefu, mara nyingi zinachomoza nje ya fremu, ukimkumbatia mtu unamchoma. Sasa sikilizeni hii yangu. Nyamazeni kidogo. Tk. Tena: tk. Mmesikia? Hicho ni kifuniko kidogo, ukikisukuma kwa kucha kinazunguka na kuibana pini. Vifungo hivi vilienea karne ya 20 ilipoanza. Narudia kwa wale wa nyuma: tk. Ni 1850 gani hiyo inayolia tk?

Najua kuna mtu ataniandikia, "Dada, si kifungo kinabadilishwa?" Kweli, kinabadilishwa, na mimi nilijipa moyo hivyo hivyo usiku mzima. Ila fundi akibadilisha huacha kovu la lehemu, kauvimbe au doa lisilofanana na fremu. Nimepita na lenzi pote. Safi kabisa. Halafu tazameni hapa kando, kuna muhuri: 800. Maana yake sehemu 800 kati ya 1000 ni fedha, kiwango kilichotumika sana Italia. Malkia wa Uingereza anaanza kuwa mbali, jamani.

Kabla sijasahau, video sasa zinatoka Jumapili, si Alhamisi tena. Umeme wetu mnaujua.

Haya, furaha. Zima taa. Nawasha tochi ya simu, naiweka nyuma ya bruchi... Ooo! Mnaona inavyowaka? Mwanga unapita, rangi inakuwa kama chungwa lililokatwa. Kameo ya akiki mara nyingi haiwaki hivi, ni jiwe zito. Na plastiki ukiipitia na lenzi huoni alama za chuma cha kuchongea, maana imemiminwa kwenye kalibu. Wenzangu wa chaneli nyingine wanapima kwa sindano ya moto. Msithubutu! Mtaharibu kitu kizuri kwa ajili ya kutazamwa na watu.

Hili ni kombe la baharini, gamba la konokono wa bahari, limechongwa kwa mkono. Kitovu cha kazi hii ni Torre del Greco, mji ulio chini ya mlima Vesuvius, karibu na Napoli, Italia, na shule ya uchongaji ilifunguliwa huko 1878. Fundi anakibandika kipande cha kombe kwenye kijiti kwa lami ya moto, anakaa anakwangua tabaka jeupe kidogo kidogo. Pale alipokwangua mpaka mwisho, rangi ya chini inatokea. Huyu mama hakupakwa rangi hata tone.

Na kombe lenyewe wanalitoa wapi? Lile la kahawia iliyoiva linaitwa Cassis madagascariensis, na licha ya jina hilo linatoka Karibi! Hili la rangi ya chungwa ni Cypraecassis rufa, la Bahari ya Hindi na Pasifiki. Wataliano wamekuwa wakilinunua pwani hii hii ya Afrika Mashariki. Lile zito, lenye mdomo mwekundu na meno meno. Sisi Tanga tulizuilia nalo mlango upepo wa kusi ukivuma.

Bei? Nilitoa 180,000. Kwa karatasi ile, nimeibiwa. Kwa kitu chenyewe... jana ningesema nairudisha. Leo nimeivaa sokoni, na muuza dagaa kaniuliza huyu mama ni nani.

Siirudishi. Na mama, kama unatazama, lile kombe la mlangoni usimpe mtu.