Kituo cha masomo ya ziada kinachofaulisha: tathmini ya mzazi wa Mtwara

Kwa miezi minne binti yangu wa kidato cha tatu amekuwa akihudhuria kituo kimoja cha masomo ya ziada hapa Mtwara mjini, ambacho jina lake nitalihifadhi, na kwa kuwa wazazi kadhaa wameniuliza kama kinafaa, ninaeleza nilichokiona. Ada ni shilingi 30,000 kwa mwezi, madawati yanatosha na walimu hawakosi vipindi.

Kwa upande wa alama sina lalamiko. Katika Hisabati alipanda kutoka 38, ambayo ni D, hadi 71, ambayo ni B, na njia yao haina siri: wanafunzi hupewa maswali ya mitihani ya Taifa ya miaka iliyopita, wakayarudia mpaka mkono uzoee. Kasoro niliigundua nyumbani, msimu wa korosho, nilipompa karatasi ya malipo ya babu yake kutoka chama cha msingi cha ushirika kinachouza korosho za wakulima, yenye kilo 240, bei ya mnada na makato ya kila kilo, nikamwomba ahakiki kama mzee alilipwa sawasawa. Aliitazama kwa muda, kisha akauliza, "Baba, swali hili lilitoka mwaka gani?" Hesabu yenyewe ilikuwa ya kutoa na kuzidisha tu. Kituo kilikuwa kimemfundisha kufaulu, jambo ambalo si dogo pale ambapo matokeo ndiyo yanayofungua mlango wa kidato cha tano, lakini kujifunza kulikuwa bado hakujaanza.

Kipindi cha Fizikia cha Jumamosi, kwa haki, ni kitu kingine kabisa. Mwalimu aliwaagiza waje na maji ya bahari kutoka Shangani, akatumbukiza yai bichi, nalo likazama, ingawa darasa zima lilikuwa limeapa kwamba yai huelea kwenye maji ya chumvi. Hakuwapa jibu. Waliongeza chumvi kijiko baada ya kijiko, wakikoroga, mpaka yai likapanda, na jioni hiyo binti yangu akaimaliza chumvi ya mama yake jikoni akimthibitishia habari za densiti, yaani uzito wa kitu kwa kulinganisha na ujazo wake. Alama yake ya Fizikia bado ni 52, wala siisikitikii.

Mwenye mtoto wa kidato cha nne aliyebakiza miezi michache ampeleke bila kusita. Mimi niliomba nilipie Jumamosi pekee, uongozi ukanijibu kwamba ada haigawanyiki. Kwa hiyo ninalipa yote, na siku za Hisabati anabaki nyumbani na karatasi za babu yake.