Dekstopu za mtumba zisizochemka wala kustaki (kuganda): ipi uanze nayo, ipi uiache dukani

Ukipita Kariakoo saa hizi maduka ya kompyuta za mtumba yamejaa, Dell OptiPlex zimepangwa mpaka nje, HP EliteDesk na ProDesk, Lenovo ThinkCentre, zote zimefutwa vumbi zinang'aa na winga anakwambia zote kali, used ya Dubai hiyo, chukua. Unafika nayo nyumbani, chumba hakina AC, mwezi wa pili joto la Dar unalijua, saa moja baadaye feni inapiga kelele, mausi imeganda, unazima kwa nguvu, unawasha, inarudia tena. Hapo wengi wanakimbilia kupiga Windows upya, pesa inaenda na shida inabaki palepale. Mimi naamini mashine inayochemka unaikamata dukani kabla hujalipa, kwa hiyo nimezipanga kwa kigezo kimoja tu, ipi inavumilia joto letu.

Namba moja ni tawa, lile boksi kubwa la kusimama, lenye prosesa (chipu inayofanya kazi zote) ya Intel jenaresheni ya 6 mpaka ya 8. Jenaresheni unaisoma kwenye namba, i5-6500 ni ya 6, i5-8500 ni ya 8. Mfano OptiPlex 7040, 7050 na 7060 za tawa, au EliteDesk 800 G2, G3 na G4. Hizi i5 za kawaida zimepangiwa wati 65, ndani kuna nafasi ya kutosha, hewa inaingia mbele inatoka nyuma, na heatsinki yake, kile chuma chenye mapezi kinachonyonya joto la prosesa, siyo ile nyembamba. Tawa lina faida nyingine ambayo watu hawaijali mpaka siku limeharibika, fundi yeyote analifungua dakika mbili, anasafisha, anaongeza feni kama pana nafasi. Kama mfuko unaruhusu chukua ya 8, maana Windows 11 rasmi inaanzia hapo na Windows 10 ilikatiwa sapoti tarehe 14 Oktoba 2025. Kama haufiki, ya 6 bado ni mashine nzuri sana kwa kazi za ofisi, stationary, shule, hata kuedit picha.

Namba mbili ni yale maboksi membamba yanayolazwa, wanaita SFF (small form factor), ndiyo yamejaa zaidi sokoni kwa sababu maofisi ya Ulaya na Marekani yalinunua hayo kwa wingi. Siyo mabaya, ila feni ni ndogo na hewa inapita njia nyembamba, vumbi kidogo tu joto linapanda. Chukua i5, usivutwe na i7 kwenye boksi jembamba, utalipa zaidi halafu ikipata moto inajipunguzia spidi yenyewe na ile nguvu uliyolipia huioni.

Namba tatu tawa za jenaresheni ya 4, OptiPlex 3020 na 9020, EliteDesk 800 G1, ThinkCentre M93p. Hapa i5-4570 inaenda wati 84, inachemka zaidi, na nyingi zimeshakaa zaidi ya miaka kumi, ile pesti kati ya prosesa na heatsinki imekauka imekuwa unga. Nunua kwa sharti kwamba pesti inabadilishwa mbele ya macho yako na hard disk, diski ya zamani inayozunguka, inatolewa inawekwa SSD, diski ya kisasa yenye kasi. Jua pia pawa saplai za OptiPlex hizo na EliteDesk hiyo zina plagi za kwao wenyewe, siyo ile ya pini 24 tuliyoizoea, ikiungua huendi kuokota yoyote ya bei rahisi, ulizia spea kabla.

Namba nne ni zile ndogo kama kitabu, Dell Micro, HP Mini, Lenovo Tiny. Nazipenda kwa matumizi madogo ya umeme, prosesa zake nyingi zina herufi T mwishoni, i5-6500T ni wati 35, LUKU haikimbii. Lakini ndani ni kama laptop, feni moja na mapezi membamba, ukiiweka chumba cha vumbi bila kuisafisha kila baada ya miezi michache itaanza kustaki, kwa hiyo ni ya mtu wa Word, Excel na intaneti anayejali usafi. Namba tano ol-in-wani, kioo na kompyuta kitu kimoja, joto lote liko nyuma ya skrini na kuifungua ni kazi, kwa mtumba sishauri.

Core 2 Duo na Pentium 4 usinunue hata ukipewa kwa bei ya sahani ya chipsi. Pentium 4 za 2004 zilikuwa zinachemka zikiwa mpya, na OptiPlex za enzi hizo kama GX270 ndizo zilizosifika kwa kapasita (vile vikopo vidogo kwenye ubao wa ndani) kuvimba, mpaka Dell mwaka 2005 ikatenga kama dola milioni 300 kugharamia matatizo yake.

Sasa kupima, na hapa usikubali haraka ya muuzaji. Nenda na flashi yenye HWiNFO au Core Temp za kusoma joto, CrystalDiskInfo ya kusoma afya ya diski, na programu ya kuitesa prosesa kama OCCT. Omba ifunguliwe ubavu kwanza, angalia vumbi, angalia kapasita kama zina vichwa vilivyovimba, kisha funga, maana ukipima ikiwa wazi inakudanganya. Itese nusu saa nzima, dakika tano hazitoshi kwa sababu heatsinki yenyewe bado haijapata moto. Ikiwa imetulia bila kazi, kwa joto la hapa nyuzi 40 mpaka 50 ni sawa. Ikiteswa, 65 mpaka 80 ni nzuri. Ikigusa 90 na kitu simamisha, dai pesti mpya upime tena. Nyingi zikifika 100 zinajipunguzia spidi, ikizidi zinajizima. Halafu weka mkono nyuma inapotoka hewa. Kama programu inasema 95 lakini upepo unaotoka ni wa baridi, joto halifiki kwenye heatsinki, pesti imekufa au heatsinki haijakaa vizuri, na hiyo inatibika kirahisi. Kama upepo ni wa moto ila mdogo, feni imechoka au mapezi yameziba. Dell ikiwaka na maandishi kwamba ilijizima kwa sababu ya joto, au HP ikalalamika kuhusu feni, usikubali muuzaji abonyeze F1 haraka mpite.

Jambo ambalo linapoteza watu pesa nyingi ni kudhani kila kustaki ni joto. Kama joto linasoma 55 na mashine bado inaganda, achana na feni. Mausi inatembea ila mafolda hayafunguki na Task Manager inaonyesha diski 100%, hiyo ni hard disk, fungua CrystalDiskInfo, ukiona Caution usiinunue na diski hiyo, na angalia masaa iliyowaka, 30,000 ni zaidi ya miaka mitatu usiku na mchana. Ikiganda kila kitu kwa mpigo, mausi na sauti inakwaruza, shuku RAM (vibao vya kumbukumbu ya muda), zichomoe, safisha meno yake kwa raba ya kufutia, rudisha, na iache MemTest86, programu ya kupima RAM, ifanye kazi usiku kucha kama umeshaipeleka nyumbani. Ikizima ghafla bila onyo kila ukiipa kazi nzito na joto liko sawa, nenda kwenye pawa saplai. Za zamani kutoka Marekani zina kiswichi chekundu nyuma cha 115 na 230, kikiwa 115 ukachomeka kwenye umeme wetu imeungua, angalia kabla ya kuwasha.

Kwa aliyeshanunua, anza na bure. Itoe kwenye kile kijumba cha meza, iache nafasi kiganja kimoja kila upande, isikae juu ya zulia. Ipulize kwa blowa huku umeshika feni kwa kidole isizunguke. Halafu pesti, punje ndogo katikati, na skrubu za heatsinki zikazwe kwa msalaba kidogo kidogo, siyo moja mpaka mwisho. Pima tena kwa HWiNFO ileile uandike namba ya kabla na ya baada, ukiona imeshuka nyuzi kumi au zaidi umemaliza, na kama haijashuka kabisa badilisha feni kabla hujafikiria kitu kingine. Risiti iandikwe serial namba ya mashine na siku za kurudisha, angalau wiki mbili, na ndani ya hizo wiki itumie mchana wa jua kali.