Antivirusi Iliyogoma Kutoka: Uzoefu Wangu na Laptopu ya Shangazi

Mstari wa kijani ulifika asilimia 97 ukasimama. Nilingoja robo saa, ikawa nusu saa, feni inavuma, mstari hausogei. Nilikuwa nimemwahidi shangazi kwamba ni kazi ya dakika tano. Ilinichukua siku mbili.

Jina la antivirusi yenyewe sitalitaja. Ilikuja na laptopu tangu siku iliponunuliwa, kama toleo la majaribio. Muda wake ulipoisha, ikaanza kuchomoza pembeni mwa skrini kila mara, kwa maandishi mekundu, kumwambia shangazi kwamba hana kinga na yuko hatarini. Shangazi huandika ripoti ndefu, na kila dirisha likichomoza anapoteza mahali alipofika. "Mwanangu," aliniambia, "siku hizi hata usingizini naota mafaili yangu yamefutwa." Hilo ndilo lililonikereketa. Usumbufu unavumilika, lakini kumtia mtu hofu ili alipe ni jambo jingine kabisa.

Na hofu yenyewe haikuwa na msingi. Windows 10 na Windows 11 zina kinga yake ya ndani, Microsoft Defender, ambayo hailipiwi. Ila antivirusi nyingine ikijiandikisha kwa Windows kuwa ndiyo mlinzi, Defender hujiweka kando kuipisha, kwa sababu kinga mbili zikichungulia faili moja kwa wakati mmoja hukwaruzana na kompyuta huwa nzito. Kwenye laptopu ya shangazi, Defender ilikuwa bado imezimwa, na ile nyingine imekalia zamu bila kuifanya.

Nilianzia pale kila mtu anapoanzia: mipangilio, orodha ya programu, nikabofya jina, nikabofya kuondoa. Kwanza likaja dirisha la kunibembeleza nibaki kwa bei ya punguzo. Kitufe cha kubaki ni kikubwa na cha rangi. Maneno ya kuendelea kuondoa yako chini kabisa, kwa herufi ndogo za kijivu hafifu, wala hayafanani na kitufe. Shangazi alikuwa ameshafika hapo mara mbili peke yake, na mara zote mbili alidhani chaguo ni moja tu. Kwa hilo pekee nimewapunguzia nyota. Niliyabofya yale maneno ya kijivu, na ndipo tukakwama kwenye asilimia 97.

Nilipolazimika kuizima laptopu na kuiwasha, nilikuta mambo yameharibika zaidi. Jina la antivirusi limetoweka kwenye orodha ya programu, lakini yenyewe ipo. Folda yake ipo, huduma zake mbili zinaendelea kufanya kazi chinichini, na ukurasa wa usalama wa Windows bado unaitambua kuwa ndiyo inayolinda. Yaani imetoka nusu. Hii ndiyo hali ninayoiogopa kuliko zote, maana njia ya kawaida ya kuitoa imeshafutika, na kinga ya ndani bado inaipisha programu ambayo haiko kamili.

Nikafungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kila kinachoendelea kwenye kompyuta, ili nizizime zile huduma. Nimenyimwa ruhusa. Nikajaribu kufuta folda. Nimenyimwa ruhusa. Na akaunti niliyoingilia ni ya msimamizi, yenye mamlaka yote.

Hapa lazima nimtendee haki mtengenezaji, kwa sababu ung'ang'anizi huu una maana yake. Virusi vilivyoandikwa na mtu anayeijua kazi, vikiingia tu kwenye kompyuta, hutafuta kwanza kuizima antivirusi, na mara nyingi huwa vimeshapata mamlaka ya msimamizi. Ndiyo maana antivirusi nzuri hujilinda hata dhidi ya msimamizi: michakato yake haiuliki, faili zake hazifutiki, mipangilio yake kwenye rejista ya Windows, yaani daftari ambamo mfumo huandika mipangilio yake, haiguswi. Ile ikoni tunayoiona karibu na saa ni uso tu. Nguvu yake iko kwenye draiva, zile faili zenye mwisho wa .sys zilizomo ndani ya C:\Windows\System32\drivers, ambazo hufanya kazi kwenye kiini cha mfumo wenyewe. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, antivirusi inaruhusiwa kuwa na draiva inayoamka mapema sana, kabla ya draiva za makampuni mengine. Ukifika kwenye skrini ya kuingiza nenosiri, yenyewe imeshashika lindo kitambo.

Anayetaka kuona jinsi draiva hizi zilivyokaa ndani akumbuke tarehe 19 Julai 2024. Sasisho moja lenye kasoro la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa hesabu ya Microsoft, na nyingi zikawa haziwaki kabisa. Watu wa kompyuta walilazimika kuziendea moja moja, kuziwasha katika Safe Mode, ile hali ya kuwaka na vitu vya lazima tu, na kufuta faili husika kwa mkono.

Nami nilikaribia kuchukua mkono wangu nikafute. Nilishaingia kwenye ile folda ya drivers, nikazitambua faili nne kwa jina la kampuni, na nilikuwa nimeshapata njia ya kujimilikisha faili ili zifutike. Nikampigia kwanza rafiki yangu ambaye ni fundi. "Kaka, toa mkono hapo," akasema kabla sijamaliza kueleza. Sababu aliyonipa ni hii: baadhi ya draiva hizo hukaa kama chujio kati ya Windows na kifaa, iwe diski, kibodi au mtandao, na rejista ya Windows ina maandishi yanayosema kila kinachopita kipitie hapo. Ukifuta faili na maandishi yakabaki, Windows inatafuta chujio ambalo halipo. Unaweza kuwasha laptopu ukakuta kibodi haifanyi kazi, intaneti imekufa, au skrini ya buluu tu. Ripoti zote za shangazi zilikuwa kwenye diski hiyo hiyo. Nikafunga folda, nikachukua flashi, nikaanza kwa kunakili mafaili yake yote, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kugusa chochote.

Nilijaribu pia programu moja ya kampuni nyingine inayojitangaza kwamba huondoa chochote. Kwa programu za kawaida naikubali, husafisha masalia vizuri. Kwa antivirusi iligonga ukuta ule ule, kwa kuwa nayo inaomba ruhusa kwa Windows kama nilivyoomba mimi.

Siku ya pili niliwaandikia huduma kwa wateja. Jibu lilikuja haraka: "Ndugu mteja, tafadhali sakinisha programu upya kisha uiondoe." Mtu umehangaika usiku kucha kuitoa, unaambiwa uirudishe! Nilikasirika, ila nilipotulia niliona ushauri una mantiki. Ukiisakinisha upya, kile kipande cha kuondolea kilichoharibika hurudi kizima, na unaweza kuingia ndani ya mipangilio yake ukazima ile sehemu ya kujilinda kabla ya kuiondoa. Kwa wengi hii inatosha. Kwangu ilikataa, kisakinishi kikidai kwamba programu tayari ipo. Nikawaandikia tena, na ndipo wakanipa kile ambacho wangenipa tangu mwanzo: kiondoaji chao rasmi.

Kumbe karibu kila kampuni kubwa ya antivirusi inacho. Avast wana Avast Clear, McAfee wana MCPR, Kaspersky wana kavremover, ESET nao wana cha kwao. Ni programu ndogo tofauti, imetengenezwa na wale wale wanaojua kila mahali walipochimbia mizizi. Kipakue kwenye tovuti ya kampuni husika tu. Nilipotafuta kwa jina, matokeo ya juu yalikuwa kurasa nyingine kabisa zinazotaka nipakue vitu vyao, na kompyuta ambayo kinga yake imelala si mahali pa kujaribia bahati.

Kiondoaji kilitaka kiendeshwe katika Safe Mode, ambapo Windows huwaka na draiva chache za lazima na nyingi za nje zinabaki zimelala. Kuingia ni rahisi: shikilia Shift huku unabofya kuwasha upya, nenda kwenye utatuzi wa matatizo, chaguo za juu, mipangilio ya kuwasha, bofya kuwasha upya, na orodha ikitokea bonyeza 4. Ila lipo jambo ambalo maelekezo ya kampuni hayakulisema. Laptopu ilikuwa na BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski nzima, na njiani ikadai ufunguo wa kurejesha, tarakimu 48. Shangazi akanitazama, nami nikamtazama. Tuliupata kwenye akaunti yake ya Microsoft kupitia simu, akawa ananisomea sita sita kwa sauti, taratibu, makundi manane, naye anarudia kila kundi mara mbili bila kuombwa. Tafuteni ufunguo huo kabla hamjaanza. Kama haupo popote, msiingie huko.

Tena msishangae mkijaribu kuondoa programu kwa njia ya kawaida mkiwa Safe Mode ikakataa. Huduma ya Windows inayosimamia usakinishaji huwa haiamki katika hali hiyo, na programu nyingi huitegemea hata wakati wa kutoka. Kiondoaji cha kampuni chenyewe hakiihitaji.

Nilichagua jina la bidhaa, nikabofya, na kwa dakika kama sita maandishi meupe yalikuwa yakipanda kwenye dirisha jeusi, faili baada ya faili. Zile draiva nne nilizotaka kuzifuta kwa mkono niliziona zikipita. Kwanza iliondoa maandishi ya kila moja kwenye rejista, halafu ndiyo ikafuta faili. Mpangilio huo ndio ambao mimi ningeukosea.

Mwishoni kiliomba kuwasha upya. Kuwasha upya na kuzima kisha kuwasha ni vitu viwili tofauti kwenye Windows za sasa. Ule uwashaji wa haraka, ukizima kompyuta, huhifadhi hali ya kiini cha mfumo kwenye diski na kuirudisha vile vile ukiwasha. Faili zilizowekewa alama ya kufutwa wakati wa kuwaka zinaweza kubaki palepale. Bofya kuwasha upya, usizime.

Sikuridhika na ujumbe wa kwamba kazi imekamilika. Nilifungua dirisha la amri kama msimamizi nikaandika fltmc, amri inayoorodhesha machujio ya faili yaliyo hai na namba ya ngazi ya kila moja. Ngazi za antivirusi huanzia 320000. Asubuhi ile kulikuwa na mstari wa ile kampuni hapo. Sasa umeondoka, na badala yake iko WdFilter kwenye 328010, ambayo ndiyo Defender. Nikaisasisha, halafu nikajaribu kupakua faili la majaribio la EICAR, ule mstari wa herufi 68 usio na madhara ambao antivirusi zimekubaliana kuukamata ili mtu ahakikishe kinga inafanya kazi. Defender ililizuia papo hapo. Shangazi alipoona onyo limetokea akashtuka, nikamweleza kwamba hilo nimelileta mwenyewe na kwamba limekamatwa. Akaniambia nilirudie, alione tena. Nikarudia.

Kwa hiyo tathmini yangu. Antivirusi yenyewe naipa nyota mbili: ilipokuwa hai sikuwahi kusikia imepitwa na kirusi, lakini kisanduku chake cha kuaga kinahadaa, na kipande chake cha kuondolea kilikufa njiani kikaiacha kompyuta bila kinga. Huduma kwa wateja nyota tatu, kwa adabu na kasi, pungufu kwa kuficha kiondoaji hadi ujumbe wa pili. Kiondoaji rasmi nyota nne. Ningekipa tano kama kingetaja BitLocker. Nikichagua antivirusi safari nyingine, ukurasa wa kwanza nitakaoutafuta kwenye tovuti yao ni wa kiondoaji, nione kama upo wazi na kama ni wa karibuni.

Kama kompyuta ni ya kazini, haya yote hayakuhusu. Huko kuondoa kunaweza kufungwa kwa nenosiri la ofisi na kuna sababu zake, mwone anayesimamia kompyuta.

Jambo la mwisho nililigundua nikiwa nimeshafunga begi. Kuondoa programu hakufuti usajili. Kwenye akaunti ya shangazi upande wa kampuni, kujirudia kwa malipo kulikuwa kumewashwa na kadi yake imehifadhiwa, kumbukumbu ya siku aliyobofya kile kitufe kikubwa. Tulizima malipo hayo pamoja, tukafuta kadi, tukangoja barua pepe ya uthibitisho. Ilipofika, aliichapisha akaitia kwenye faili lake.