Boti ya asubuhi Kazinga, kwa anayetaka kuona mwari wakiruka kwa mstari

Wengi hupanda boti ya Mfereji wa Kazinga, pale Mweya katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth nchini Uganda, kwa ajili ya viboko na nyati. Sisi tunaipima kwa jambo moja tu: je, inakuonyesha jinsi ndege aina ya mwari wanavyosaidiana hewani? Inaonyesha, tena vizuri sana, kwa kuwa boti hupita karibu na kingo wanapotua, nao wakiondoka huruka chini chini juu ya maji, usawa wa macho yako.

Panda ya asubuhi. Jua likishapasha ardhi, mwari hupanda juu wakizunguka kwenye hewa ya moto bila kupiga mabawa, na mstari unakufa.

Kaa ukingoni, mbali na injini. Aliye katikati huzibwa na paa. Darubini ya 8x42 (inayokuza mara 8, lenzi za mbele milimita 42) inatosha. Ya 10x hukuza na mtikisiko wa boti pia, na kundi zima halienei ndani yake.

Ukishawapata, achana na vichwa, tazama ncha za mabawa. Bawa husukuma hewa chini, lakini kwenye ncha hewa hiyo hujiviringisha na kupanda kwa upande wa nje. Wa nyuma hukaa pembeni ili ncha ya bawa lake ibebwe na hewa inayopanda. Akiingia nyuma ya mwenzake moja kwa moja, anakuta hewa inayoshuka, na hapo kazi inaongezeka. Utafiti wa mwari weupe uliofanyika Senegal na kuchapishwa 2001 ulionyesha kuwa moyo wa anayeruka kundini hupiga polepole kwa asilimia 11 hadi 14 kuliko wa anayeruka peke yake. Sababu mojawapo ni kwamba wa kundini hupata nafasi zaidi ya kuteleza mabawa yakiwa yametulia. Hilo la kuteleza utaliona kwa macho.

Kasoro ni haraka. Mwari ni mzito, hivyo dakika ya kwanza baada ya kuruka kundi ni vurugu tupu, na nahodha huwa ameshageuza boti kufuata viboko. Zungumza na mwongozaji kabla ya kuondoka gatini, mkubaliane mtasubiri hadi mstari ujipange. Simu irekodi kwa mwendo wa polepole, kundi likipita ubavuni: ukitokea mbele au nyuma yao, umbali wa ndege mmoja nyuma ya mwenzake haupimiki.