Fedha zilisomeshwa vyema, majengo yakapitwa mbio: tathmini ya mafunzo kwa wajumbe wa mabaraza ya vyuo

Mafunzo haya mafupi yaliandaliwa na kampuni moja ya ushauri na kufanyika katika ukumbi wa hoteli hapa Mjini Unguja, kwa ajili ya wajumbe wa mabaraza ya vyuo vya umma pamoja na sisi wahasibu tunaowatayarishia makabrasha ya vikao. Mada ilikuwa usimamizi wa fedha na mali. Ada waliyotoza si ndogo, na kwa sehemu ya fedha peke yake ningesema ilistahili kulipwa. Kwa sehemu ya mali, hapana.

Nianze na lililofanywa vizuri. Mkufunzi hakutusomea maandishi ya ukutani kama ilivyo desturi ya warsha nyingi, bali alitugawia taarifa ya robo mwaka ya chuo cha kubuni na kumtaka kila mjumbe aeleze chuo hicho kina hali gani. Ukurasa wa kwanza ulionyesha ziada. Mjumbe mmoja mtu mzima, mwalimu mstaafu, aliipitisha kalamu yake mstari kwa mstari kisha akauliza, "Mwanangu, ziada hii iko wapi?" Mkufunzi akamjibu, "Maalim, iko kwenye vitabu, benki haipo." Ada ambayo wanafunzi walikuwa bado hawajailipa ilikwishahesabiwa kuwa mapato, ilhali salio la benki halikutosha mishahara ya mwezi unaofuata. Tangu hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini taarifa ya mtiririko wa fedha taslimu isomwe sambamba na taarifa ya mapato na matumizi.

Alifafanua pia, kwa uangalifu ninaoupongeza, kwamba hati safi ya ukaguzi maana yake ni kuwa hesabu zimeandikwa kwa haki na kwa kufuata viwango, na kwamba chuo kinaweza kuipata hati hiyo huku kikiwa kimetumia fedha zake bila busara. Swali la busara ni la Baraza lenyewe, wakati wa kupitisha makisio na kila robo mwaka baada ya hapo, wala halifai kusubiri mpaka taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ifike Chukwani mbele ya Baraza la Wawakilishi, yaani bunge la Zanzibar.

Kasoro ya sehemu hii ni moja, ila si ndogo. Mifano mingi ya kisheria ilitoka Bara. Zanzibar ina Sheria yake ya Usimamizi wa Fedha za Umma, Nambari 12 ya mwaka 2016, na Sheria yake ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali za Umma, Nambari 11 ya mwaka huo huo. Mjumbe anayetoka ukumbini na vifungu vya Bara kichwani atakwenda kuidhinisha zabuni kwa sheria isiyomhusu.

Sehemu ya mali iliwekwa alasiri ya mwisho, watu wakiwa wameshaanza kutazama saa. Kijitabu tulichopewa kilifundisha IPSAS 17, kimojawapo cha viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma, kinachohusu majengo na mitambo, wakati nafasi yake ilichukuliwa na IPSAS 45 kuanzia tarehe 1 Januari 2025. Kuhusu ardhi, hakikuwa na kitu. Huwezi kuzungumza na Baraza la chuo cha Zanzibar juu ya mali bila ya kuigusa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992, ambayo inaihesabu ardhi yote kuwa ya umma, chini ya dhamana ya Rais. Anachokuwa nacho mtumiaji ni haki ya matumizi, na haki hiyo inathibitishwa kwa karatasi.

Chukua Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ambacho sote tunakijua. Kiliundwa kwa Sheria Nambari 8 ya mwaka 1999, kikaanza kusomesha mwaka 2001, na leo kina kampasi Tunguu, Vuga, Beit el Ras, Chwaka, Maruhubi, Mbweni na Pemba, baadhi yake zikiwa zilikuwa taasisi zenye uongozi wao kabla ya kuunganishwa. Kwa chuo chenye historia ya namna hiyo, kabrasha la mali linapaswa kumweleza mjumbe kila eneo lilifikaje mikononi mwa chuo, karatasi yake iko kwa nani, mpaka wake umepimwa lini, na ni nani mwengine anayelitumia. Hayo ndiyo niliyotarajia kusomeshwa.

Matengenezo nayo yalipewa aya moja. Kila aliyewahi kukaa meza ya bajeti anajua kuwa fungu la matengenezo ndilo la mwanzo kukatwa, kwa sababu ukuta haulalamiki kikaoni. Katika Mji Mkongwe, kuta za mawe ya matumbawe zilizopigwa lipu ya saruji badala ya chokaa hushika unyevu ndani, boriti zikaoza vichwa, na gharama ikaja yote kwa pamoja. Sehemu ya Beit al Ajaib, jumba la kale la huko Mji Mkongwe, iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea. Mfano uko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka ukumbini, na mkufunzi hakuutaja. Mikataba ya kukodisha mikahawa, maduka na kumbi za chuo, ambayo ni mapato ya ndani kabisa, haikuguswa.

Ukumbi ulikuwa mzuri na chakula hakikuwa na neno.

Ninawapa nyota tatu kati ya tano. Chuo kinachotaka kupeleka wajumbe wapya wa Kamati ya Fedha kipeleke, hawatapoteza muda. Anayetaka kuwafunza wajumbe kuhusu mali aombe kwanza nakala ya kijitabu cha awamu ijayo, atazame kama sura ya ardhi imo na kama sheria zilizotajwa ni za hapa, kisha ndiyo alipe.