Gari za Ferry–Bamburi: mwezi mzima nimeandika kila nauli nilotoa

Nianze na hesabu mana ndio ilionifanya nikae chini niandike. Mimi naishi Mtongwe, Mombasa, kazi yangu iko Bamburi, udobi wa hoteli, siku sita kwa wiki. Nauli ya kawaida naijua kwa kichwa, Mtongwe mpaka Likoni shilingi 30, feri bure kwa anaevuka kwa miguu, alafu matatu kutoka Ferry, steji ya upande wa mjini, mpaka Bamburi 80 asubuhi na 100 jioni ya kurudi, alafu 30 nyengine mpaka nyumbani. Jumla 240 kwa siku. Siku 26 za kazi ni 6,240. Sasa mwezi uliopita nikanunua kidaftari kidogo nikakitia kwa mkoba, kila nikilipa naandika pale pale kabla sijasahau, na mwisho wa mwezi nikajumlisha mara tatu kwa simu mana sikuamini. 8,110. Yani 1,870 zimeenda na sijui zimeendaje. Kwangu mimi hio ni kujaza mtungi wa gesi wa kilo 6 na unga juu yake.

Kwa hivyo hii sio habari ya gari moja au sacco moja (chama cha wenye matatu), na jina la sacco sitaji mana zote za ruti hii nimezipanda na mambo ni yale yale. Ni habari ya huduma yenyewe, Ferry–Bamburi, na nimeipa nyota 2 kwa 5.

Gari zenyewe si mbovu, hapo ntasema kweli. Nyingi ni zile za watu 14, zimechorwa ule mstari wa manjano uliokuja na sheria za waziri wa uchukuzi Michuki 2004, viti vingi vizima, madereva wa ruti wanaijua barabara na wengi hawakimbizi ovyo. Mikanda iko lakini mingi imekatika kichwa au imejaa vumbi mpaka ukiivaa na nguo nyeupe ya kazi umekwisha. Muziki wa asubuhi unavumilika. Mbele ya vizuizi vya polisi abiria ni 14, ukishapita pale Kongowea kila kiti cha watatu kinaambiwa sogea sogea mama, wanne wanakaa, na anaekataa ndie anaonekana mkorofi.

Lakini kilichonichosha ni nauli, na nieleweke hapa, si kwamba ni kubwa, ni kwamba huijui. Nimechunguza kitu kimoja mwezi huu wote na wewe ukipanda kesho kichunguze. Nauli ikiwa chini makanga anaipigia kelele, Bamburi hamsini, hamsini, hamsini, twende! Utaisikia toka ng'ambo ya barabara. Nauli ikipanda anataja mahali tu. Bamburi Mtwapa, Bamburi Mtwapa, ingia mama kuna kiti. Bei haitajwi. Unaingia, unakaa, mlango unafungwa, gari inatoka steji, mkifika Posta ndio anaanza kugonga kidole na noti amezikunja katikati ya vidole, ukimpa 80 anakurudishia mkono, "mia na hamsini leo, dadangu." Ukisema mbona hukusema pale chini atakwambia kila mtu anajua. Unaweza kushuka, ndio, lakini ushaacha foleni ya steji na ripoti kazini ni saa moja na nusu, kwa hivyo unatoa.

Na sababu haikosi. Mvua imenyesha. Kuna foleni darajani. Ni Jumatatu. Ni mwisho wa mwezi. Barabara inajengwa (na ni kweli ujenzi wa ile barabara ya Mombasa–Mtwapa–Kilifi umetutesa sote, wao na sisi). Mwezi wa Ramadhani ndio balaa, ikishafika saa kumi na moja jioni kila mtu anataka awahi kufuturu na watoto wake na wao wanajua, nauli inapanda kila dakika kama maji ya bamvua mpaka adhana inapigwa, na ukienda steji saa mbili usiku watu wakiwa taraweh unapata ya 50 na kiti cha dirishani.

Siku ilionikata kabisa ilikuwa Alkhamisi moja ya mvua, nimeandika kwa daftari na nimepigia mstari. Bamburi Mwisho saa kumi na moja na nusu, makanga mara hii alisema mapema, Ferry 150. Nikakubali, tukajaa, tukalipa sote. Kongowea tumesimama kama dakika arobaini, maji barabarani, watu wanatembea viatu mkononi. Tulipovuka daraja la Nyali tukafika Buxton gari ikaegesha pembeni na makanga akasema mwisho wa gari hapa, tunageuza, tutawafaulisha kwa gari ya nyuma. Kiti cha mbele yangu alikuwako bibi mmoja na kikapu chake amekifunika na leso, akamwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, mimi nimekulipa mpaka Ferry, na miguu yangu hii unaiona." Yule kijana naye hakumjibu vibaya, "Bibi, gari ya nyuma itakuchukua, nshaongea nao." Tukashuka mvuani. Gari ya nyuma ikaja, ikachukua wanane kati yetu, na mkifika Posta makanga wa pili anasema yeye amepewa 20 kwa kila kichwa na 20 ni mpaka Posta tu, wa Ferry waongeze 30. Yule bibi hakuwa nayo. Alikuwa amebakisha ya kutoka Likoni kwenda kwake na si zaidi. Kijana mmoja aliekaa nyuma akamlipia bila kusema neno na mimi nikalipa yangu, kwa hivyo siku hio kutoka Bamburi mpaka Ferry nimetoa 180 kwa safari ya 100 na nimefika nyumbani saa tatu kasoro.

Nimeuliza kwa nini wanakata safari na jibu nilipewa na dereva mwenyewe, siku nyengine, nimekaa mbele. Gari si yake. Kila siku lazima apeleke hesabu, yani pesa ya siku, kwa mwenye gari, mafuta juu yake, steji juu yake, na makanga alipwe. Ikinyesha mvua watu wamejaa Bamburi kule wanasubiri kwenda mjini kwa 150, sasa akiingia mpaka Ferry atakwama saa nzima kwa abiria ambao washamlipa, akigeuzia Buxton anawahi tripu nyengine. Kwa upande wake nimemuelewa, hata nilimuonea huruma, mtu aliekaa kwa usukani toka saa kumi ya alfajiri. Lakini yule bibi yeye hesabu ya mwenye gari inamhusu nini? Amelipa mpaka Ferry, afikishwe Ferry.

Kuhusu mafuta, mana hio ndio sababu kubwa wanayotoa. Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA, mamlaka ya nishati, inatangaza bei mpya, na sisi Mombasa tunapata nafuu kidogo kuliko Nairobi mana mafuta yanashukia hapa hapa bandarini Kilindini. Septemba 2023 petroli ilipita shilingi 200 kwa lita kwa mara ya kwanza, miezi miwili tu baada ya ushuru wa mafuta kutoka asilimia 8 kuwa 16, na nauli ikapanda kila pahali, sikulalamika mana nilikuwa naiona ile bei kwa macho yangu kwenye kibao cha petroli. Mwaka uliofuata ikateremka chini ya 200. Nauli ya ruti yetu ikabaki pale pale. Kupanda inapanda siku ile ile ya tangazo, kushuka hakuna tangazo lake.

Na wengi hawajui kwamba Kenya hii nauli ya matatu haipangwi na serikali, NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, inatoa leseni na kuangalia usalama lakini bei wanapanga wenye gari wenyewe. Dada yangu ameolewa Tanga, Tanzania, kule nauli inapangwa na LATRA, mamlaka yao ya usafiri wa ardhini, naenda kumtembelea na napanda daladala kama mtu mwengine yoyote, najua nauli kabla sijatoka nyumbani, mwanafunzi ana nauli yake ndogo, na konda akizidisha abiria wote wanamgeukia mana kila mtu anaijua bei halali. Sisemi kule ni peponi, gari zinajaa mpaka hupumui. Lakini nikiwa kule sibebi kidaftari.

Hapo kwa wanafunzi nikae kidogo mana ndipo panaponiuma zaidi ya pesa zangu. Jioni saa kumi simama steji yoyote kati ya Bombolulu na Bamburi Mtambo utazame. Watoto wa shule na mabegi yao wananyoosha mikono, gari ziko na nafasi na haziwasimamii, mana mtoto atatoa 20 na kile kiti ni cha mtu wa 100. Ikimchukua basi atasimama ameinama katikati ya magoti ya watu, na mtu mzima akipanda anaambiwa yeye apishe. Nishawahi kumpakata mtoto wa watu mara nne mwezi huu, siwajui wazazi wao na wao hawanijui. Mmoja alilala kabisa kifuani mwangu mpaka Kengeleni.

Sasa feri. Najua watu wanaitukana na mimi pia nimeitukana. Ikiharibika moja foleni inafika barabarani, joto la kule ndani ya banda la kusubiri huwezi kulieleza kwa mtu wa bara, na meli kubwa ikiwa inaingia Kilindini feri inasimama ingoje ipite na wewe umebakisha dakika kumi uandikwe umechelewa. Na sisi watu wa Mtongwe tuna letu na maji yale, Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa, mtaani kwetu ziko nyumba mpaka leo tarehe hio hawapiki kitu wala hawatoki, kwa hivyo mimi nikipanda siendi ukingoni, nasimama katikati nishike chuma. Lakini katika safari yangu yote ya kila siku pale peke yake ndipo naijua nauli. Ni bure jua likiwaka, bure mvua ikinyesha, bure Ramadhani. Hata siku ile nimelowa na hasira imenijaa, nilipofika kwenye ramp nikatulia mana nilijua hakuna mtu atakaeniomba pesa mpaka Likoni. Na Ramadhani adhana ikikukuta katikati ya maji utaona mkono wa mtu usiemjua umekuletea tende na kikombe cha maji.

Nisiwe nimesema mabaya tu ya gari. Kuna mzee mmoja anaendesha asubuhi, gari yake ya zamani, rangi imepauka, nimempanda mara tano na mara zote tano nimelipa 80. Makanga wake ni kijana mpole, anasema bei akiwa amesimama mlangoni, "Bamburi themanini, na ni mpaka Bamburi kweli", chenji anarudisha kabla hujaomba, na ukituma kwa M-Pesa hakuongezei ya kutolea. Siku moja ya mvua nilimuuliza mzee kwani wewe huongezi, akasema anaongeza kumi tu mvua ikiwa kubwa sana na anaiandika kwa kikaratasi anakibandika kioo cha mbele ili mtu asome kabla hajapanda. Nilikiona, kimeandikwa na kalamu ya buluu, "LEO BAMBURI 90 SABABU YA MAJI KONGOWEA". Nikalipa 90 kwa roho safi kabisa. Kikaratasi tu, mafuta yake ni yale yale na hesabu anapeleka kama wengine. Hizo nyota 2 nilizotoa moja ni yake.

Kwa anaeanza kazi upande ule, mwenye kutoka Likoni, ntakwambia ninavyofanya sai. Asubuhi vuka kabla ya saa kumi na mbili na nusu, ikipita hapo makanga wa steji wanaanza kuinyamazia bei. Uliza bei mguu ukiwa bado chini, na uliza kwa sauti ili wenzako wasikie, makanga anaona haya kubadilisha maneno mbele ya watu kumi. Uliza pia kama inafika, mwambie nitajie mwisho wa gari. Usilipe kabla ya kuvuka daraja jioni, nimejaribu wiki mbili za mwisho na hawajanishusha Buxton tena mana pesa yangu bado ninayo mkononi. Beba sarafu. Na kama una nafasi kwenye mapaja, mpakate mtoto.